Meza Mbili za Chirikoni

Nchi ya Chirikoni haifikiki kwa mtu mwenye haraka, na ndiyo maana wengi walioitafuta wamerudi wakisema haipo. Mwinchande Kibwana, diwani wa mji wa Makungurani, aliifikia. Alipita wapi, alipanda nini na kushuka nini, hayo tuyaache. Kila msafiri hupenda kutuchosha na vumbi la njia yake, na sisi haja yetu ni kule alikokwenda.

Ila tuseme kwanza alichokifuata, maana diwani wa Makungurani haondoki kwake hivi hivi tu. Mji ule ulikuwa umebakiwa na ndege wa aina moja. Kunguru walikaa juu ya mapaa, juu ya nyaya za umeme, juu ya migongo ya ng'ombe, juu ya kichwa cha sanamu ya mwanzilishi wa mji. Walikula mayai ya ndege wadogo, wakala na makinda, kisha wakahamia kwenye sufuria za watu. Halmashauri ikamwaga sumu. Wadogo waliosalia wakaila wakafa. Kunguru wakaionja, wakaitambua, wakaiacha.

Siku moja Mwinchande alialikwa shuleni kwa binti yake Zamda kugawa zawadi. Mwalimu akawaambia watoto waimbe kama ndege. Darasa zima likafungua vinywa, Zamda akiwa mstari wa mbele, likalia kraa, kraa, kraa. Wazazi wakashangilia. Mwinchande naye alipiga makofi, kisha akatoka, akaenda nyuma ya jengo, akalia machozi, mtu mzima na ndevu zake. Pale pale akaapa kwamba mwanawe hatakua bila kumsikia ndege mwenye sauti. Hilo ndilo lililompeleka Chirikoni, na hilo tu.

Mwinchande alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu baadaye kidogo atatuudhi. Kasoro yake ilikuwa ndogo na ya kawaida: alipenda kutangazwa kabla hajaingia, na akishaingia alipenda kuhutubia.

Mlinzi wa mpaka wa Chirikoni alikuwa mwanamke aliyekuwa akipepeta uwele. Hakumuuliza hati wala alikotoka. Alimtazama tu kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Karibu, baba. Ungependa tukuweke wapi?"

"Mahali panaponistahili," akajibu Mwinchande.

"Hewala," akasema yule mama, akamwonyesha kilima.

Juu ya kilima palikuwa na Jumba la Heshima, na Mwinchande alipoliona moyo ulimtulia. Nguzo zilikuwa nene, na mlango ungepitisha msafara wa harusi bila watu kugusana mabega. Alipokewa kwa ngoma. Alivishwa joho zito la zambarau lililoburuta sakafuni, akapewa mtu wa kumshikia mwavuli, juani na ndani ya nyumba pia, akaitwa Mheshimiwa Mwenye Safari. Alikiri moyoni kwamba hajapata kuona serikali iliyojipanga namna ile.

Sheria za Jumba zilikuwa hivi. Mjumbe akimaliza hotuba huongezewa mto mmoja wa kukalia. Kwa hiyo wakongwe walikaa karibu na dari, na Mwenyekiti, Mheshimiwa Faki, mzee mwembamba mwenye kope nyeupe, hupandishwa kwa ngazi asubuhi na kuteremshwa jioni. Kwa kuwa wajumbe hawalingani kimo, hupaza sauti ili wasikilizane. Na kwa kuwa wote hupaza sauti, hawasikilizani. Mjadala uliokuwa ukiendelea ulihusu kivuli cha mti mmoja: je, ni mali ya mti au ya jua? Ulikuwa umeanza zamani sana, hata mti wenyewe ulishakatwa ili kupata nguzo za kupanulia ukumbi wa kuujadilia. Hilo halikumpunguzia mtu ari.

Mwinchande aliutetea upande wa jua. Alihutubia hadi jasho likamtoka, akashangiliwa, akapewa mto wake wa kwanza. Alipoukalia, aliona vichwa vya wengine viko chini yake kidogo tu, na nisiwafiche, alifurahi.

Uani pa Jumba palikuwa na meza pana ya mbao ngumu, iliyoinuliwa juu ya jukwaa. Kila asubuhi na mapema watumishi waliijaza mahindi, vichwa vya samaki, ugali wa jana na maganda ya mayai. Kisha waliinama, wakasema kwa adabu, "Karibuni, waheshimiwa," na kunguru wakashuka. Walikula kwa kelele na kusukumana, na kila mmoja aliwania kusimama pale palipoinuka zaidi. Mwinchande aliona ni ukarimu mkubwa mno kwa viumbe wale, na lile neno waheshimiwa likamkera kidogo. Ila mgeni hapangi lugha ya wenyeji.

Alipouliza habari za ndege wadogo, Jumba lilimshukuru kwa swali zuri. Iliundwa kamati ya kumshukuru zaidi. Siku zikapita kwa shukrani. Hadi asubuhi moja, akiwa dirishani anasubiri chai, upepo ulimletea kutoka bondeni sauti nyembamba, yenye kupanda na kushuka, iliyokatika kabla hajaishika vizuri. Aliacha chai. Akashuka kilima na joho lake, mtu wa mwavuli akimkimbilia nyuma.

Bondeni ndiko Wachirikoni walikokuwa wanaishi, na hapo ndipo nami napata raha ya kusimulia. Kila nyumba ilikuwa na ua, na kila ua ulikuwa na meza ya ndege. Usidhani meza ya miguu minne. Lilikuwa tundu la waya, macho yake ya upana wa vidole viwili, ndani yake kisahani cha ulezi na uwele, juu yake kifuniko cha bati cha kuzuia mvua na mwewe. Lilining'inia kwenye tawi jembamba la mkomamanga, hata ndege mzito akitua lilimyumbisha akaona aibu akaondoka. Karibu yake kulikuwa na kichaka cha miiba, ili mdogo akishtuka awe na pa kujitosa. Chini kulikuwa na kigae cha maji yasiyozidi kina cha ukucha. Hapakuwa na punje ya mahindi wala kipande cha mkate, na zile mbegu zilizodondoka zilifagiliwa kabla hazijamwita panya. Chiriku waliingia na kutoka kama watu wa nyumbani. Ndege chozi alining'inia kwenye maua ya mkomamanga, koo lake likimetameta.

Mwenye ua wa kwanza aliouingia Mwinchande alikuwa Bi Mashavu, mwanamke mnene mcheshi, Msikilizaji wa Baraza la Uani. Msikilizaji ndicho cheo cha juu kabisa bondeni, na hakina kiti. Anayekishika hukaa kigodani, chini kuliko wote. Mlango wa ua wake ulikuwa mfupi na mwembamba. Mwinchande alilazimika kuingia upande upande, joho likakwama kwenye komeo, na mtu wa mwavuli akabaki nje.

"Pole, baba," akasema Bi Mashavu kwa sauti ya chini. "Mlango tumeufanya hivyo kwa makusudi. Kaa, lakini polepole."

Akamweleza kazi yao bila kuficha kitu. Wao hawamchukii kunguru, alisema. Ana njaa kama mwingine, na vifaranga vyake vinalia kama vya mwingine. Ukimpiga atarudi na jamaa zake. Ukimtegea sumu utawaua usiowakusudia. "Basi sisi tunampangia pa kulia. Pawe mbali, pawe juu, pawe papana, na ale mapema kabla hawa hawajaamka vizuri. Akishiba na kuheshimiwa, hana haja na ulezi wangu."

"Busara kubwa sana," akasema Mwinchande, akatikisa kichwa kwa mshangao.

Wewe msomaji umeshaelewa. Yeye hakuelewa, kwa sababu aliyevaa joho alikuwa yeye.

Aliyoyaona bondeni aliyapenda yote. Baraza la Uani hukaa kuizunguka meza ya ndege, na haliwezi kufunguliwa mpaka ndege mmoja aimbe. Likishafunguliwa, sheria ni moja: ndege wakiruka, maneno yamekwisha. Ukipaza sauti, ukipiga kifua, ukisimama ghafla, chiriku wanaingia miibani na wewe umemaliza kusema, hata kama ulikuwa kwenye salamu. Matokeo yake watu wa kule hugombana kwa kunong'ona. Mwinchande alishuhudia majirani wawili wakitukanana juu ya mpaka wa shamba kwa upole kiasi kwamba ndege shore alitua katikati yao akanywa maji. Walipomaliza walikuwa wamepatana, maana si rahisi kubaki na hasira ukiinong'ona kwa muda mrefu.

Wana upumbavu wao pia. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye pupa ambaye ndege hawakupenda ua wake, akaajiri mpiga mluzi akamficha kichakani aimbe badala yao. Mambo yalikwenda vizuri hadi mpiga mluzi alipopiga chafya katikati ya wimbo. Baraza likacheka mpaka likavunjika. Hukumu yao ilikuwa kwamba mpiga mluzi, kwa kuwa ndiye aliyeimba, achukue nafasi ya kusema, na yule bwana akae kichakani msimu mzima. Inasemekana alitoka huko amekonda na mwenye akili zaidi.

Mwinchande akamweleza Bi Mashavu haja yake. Alimwambia habari za darasa lile na mwanawe mstari wa mbele. Bi Mashavu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kufunga waya mtu yeyote anaweza kumfundisha, lakini siri yenyewe ya kuurudisha mji mzima mikononi mwa wadogo ni ya Baraza, na Baraza ndilo linaloitoa. Vikao vilikuwa vinakaribia kufungwa, maana ndege walikuwa wanaanza kutaga na hasumbuliwi ndege anayetaga. Akamwombea zamu.

"Uje peke yako," alimwambia. "Uje kimya."

Hapa ndipo anapotuudhi. Asubuhi ya zamu yake, wajumbe wa Jumba waliposikia Mheshimiwa Mwenye Safari anakwenda kutoa hoja, walisisitiza asiende kama mkiwa. Angeweza kukataa. Alijitazama kwenye kioo na joho lake, akaona kwamba hoja yenyewe ni kubwa, inafaa kwenda na uzito wake. Akashuka na mwavuli, na mbeba mto, na ngoma. Alijidanganya kwamba ngoma ni ndogo.

Kurumbiza, ndege ambaye Wachirikoni humsubiri kuliko wote, alikuwa ametua juu ya tundu la Bi Mashavu na kuimba mara moja. Baraza lilikuwa limefunguliwa. Ngoma ikalia mlangoni. Chiriku, chozi, shore, wote wakaruka kwa pamoja, ua ukabaki na tundu linaloyumba. Mwinchande alikuwa bado anahangaika kulitoa joho kwenye komeo.

Watu wa Baraza walinyanyuka taratibu, wakakunja mikeka yao. Hakuna aliyemkaripia.

"Ngojeni, sijasema chochote!" akapiga kelele.

"Umeshasema, baba," akajibu Bi Mashavu.

Alikasirika, kama wanavyokasirika watu wanaojua wamekosa. Akasema atapanda Jumbani, atamwomba Mheshimiwa Faki atoe amri, na Baraza la Uani litatii litake lisitake. Bi Mashavu akaanza kucheka. Alicheka kimya kimya kama wachekavyo wote kule, mabega yakitikisika, hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Jumba litoe amri? Baba'ngu we. Jumba halijatoa amri tangu lijengwe."

"Basi nani anatawala nchi hii?"

Bi Mashavu akauonyesha ua kwa mkono. Mikeka, kigoda, kigae cha maji. Kisha, kwa kuwa alikuwa na huruma, hakumalizia. Alimwacha mgeni atazame mwenyewe kule kilimani, ambako kunguru walikuwa wanazunguka juu ya meza yao pana, na aiunganishe ile meza na lile Jumba kwa akili zake.

Mwinchande aliiunganisha. Ilimchoma kweli kweli.

"Mmenifanya kunguru," akasema.

"Kunguru tunamheshimu. Hajalala njaa kwetu hata mmoja. Na wewe tulikuuliza mapema kabisa ungependa kukaa wapi."

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo, joho likamzunguka. Aliyemuumiza zaidi si Bi Mashavu wala Wachirikoni. Ni Zamda, ambaye sasa angesubiri mwaka mwingine, na watoto hawasubiri, wanakua. Alisema hivyo kwa sauti, ingawa hakukusudia kusikika.

Kilikuwa kimebaki kikao kimoja tu, na zamu ya kusema ndani yake ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa ameitunza ili aliombe Baraza mfereji upitishwe karibu na ua wake, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamechoka kufuata maji mtoni. Alimtazama yule mtu mkubwa aliyekaa kwenye udongo.

"Chukua yangu," akasema. "Mimi nitaendelea kubeba ndoo. Lakini safari hii, baba, tafadhali."

Asubuhi ya kikao cha mwisho Mwinchande alikuja na kanzu tupu na kichwa wazi. Alifika kabla ya wote, akainama mlangoni, akapita bila kugusa kitu, akakaa mkekani. Kazi aliyopewa ilikuwa kutulia, nayo ilimtesa kuliko hotuba yoyote aliyowahi kutoa. Pua ilimwasha. Mguu ulikufa ganzi. Inzi alimtembelea shingoni akafanya alivyotaka. Kutoka kilimani ngoma zikaanza kumwita, maana siku ile Jumba lilikuwa limepanga kumvika Nishani ya Bawa Pana, na baada ya muda mjumbe akafika nje ya ua akaita, "Mheshimiwa! Mheshimiwa Mwenye Safari!" Mwinchande hakugeuka. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuitwa hivyo akaacha kuitika.

Yule mjumbe akachoka, akaondoka. Chiriku mmoja akaja, akaingia tunduni, akatoka. Wakaja wengine. Chozi akapita. Kisha kurumbiza akatua, mweusi na wa dhahabu, karibu kabisa na uso wa Mwinchande, akatanua koo.

Sitajaribu kuueleza wimbo huo. Mwinchande mwenyewe, ambaye hakuwahi kukosa maneno, alipoulizwa baadaye alisema tu kwamba alijisikia ameoshwa. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke bila kuyafuta, asije akamshtua ndege kwa mkono.

Ndipo akasema. Alisema kwa mnong'ono na kwa maneno machache, na chiriku hawakuacha kula.

Baraza likanong'ona lenyewe kwa lenyewe, kisha Bi Mashavu akamgeukia.

"Waya tutakufundisha leo kabla ya chakula cha mchana. Mbegu tutakupa. Ila waya peke yake hautakusaidia. Kunguru wa kwenu watakaa juu ya tundu wangoje, na wadogo hawatasogea. Wakubwa wa kwenu nao, ukianzisha baraza la uani, watakaa mlangoni wangoje. Lazima wapate pa kwenda, na pawe pazuri kweli."

"Nitawajengea Jumba," akasema Mwinchande.

"Utajenga. Lakini kunguru ana tabia moja. Hashuki kwenye meza mpya, hata uijaze nini, asipomwona kunguru mwingine anakula pale kwa raha. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Lazima awepo mmoja wa kutangulia. Mkubwa kweli, anayejulikana, mwenye sauti. Akae pale kila siku, akitoka tu na wao wanatoka. Na awe anajua anachokifanya, asije akakiamini."

Mwinchande alitazama mikono yake.

"Na huku kwenu," aliuliza, "aliyetangulia ni nani?"

"Faki," akasema Bi Mashavu. "Alikuwa Msikilizaji kabla yangu. Hatujapata mwenye masikio kama yake. Alikuwa akiwatambua ndege kwa mbawa, kabla hawajaimba. Wakubwa walipotuzidi nguvu, aliinuka mkekani hapo hapo ulipokaa wewe, akapanda kilima. Hajashuka mpaka leo."

Hakuna aliyemwambia Mwinchande afanye nini. Wachirikoni hawana desturi ya kumsukuma mtu. Alijifunza kufunga waya, akavunja koleo mbili, akajikata kidole, akafaulu. Alipewa ulezi na uwele wa kuanzia na vipandikizi vya mkomamanga vilivyofungwa kwa nguo mbichi. Alimuaga Bi Mashavu kwa kuinama mpaka chini. Kisha akaenda kulichukua joho lake lililokuwa limeanikwa kwenye ua, akalivaa, akalirekebisha mabegani, akapanda kilima kwenda kuvikwa nishani.

Ngoma zilimpokea. Alipandishwa ngazi hadi kimo cha Mwenyekiti ili avikwe. Mheshimiwa Faki alimfunga nishani shingoni, na wakiwa karibu hivyo, kelele za ukumbi zikivuma chini yao, mzee alimsogezea mdomo sikioni.

"Ameimba leo?"

"Ameimba, mzee wangu."

"Wapi? Juu ya tundu au mkomamangani?"

"Juu ya tundu."

Mzee alifumba macho. Kope zake nyeupe zilitetemeka, na Mwinchande alitamani kumbusu mkono lakini watu walikuwa wanatazama. Faki akafumbua macho, akajaza kifua, akanguruma kwa sauti iliyotikisa dari, "Waheshimiwa! Mjadala wa kivuli unaendelea!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Hapakuwa na mtu aliyetoka.

Mwinchande alirudi Makungurani. Waya aliwafundisha mkewe, Mwanahawa, na wanawake wa mtaa, na waliokuwa na subira katika wanaume. Kisha akaitisha Halmashauri, akapendekeza Jumba la Fahari lijengwe juu ya kilima cha tangi la maji, lenye mito, ngazi na ngoma. Wakubwa wa mji walisita. Wengine walisema ni mbali na soko. Basi akapanda yeye kwanza, na joho lake la zambarau na Nishani ya Bawa Pana, akakaa, akaanza kuhutubia ukumbi mtupu kana kwamba umejaa. Alihutubia kwa raha inayoonekana. Mfanyabiashara mmoja akapanda kuona kulikoni, akapewa mto. Mwingine akasikia mwenzake amepewa mto. Baada ya muda hapakuwa na mkubwa wa Makungurani ambaye angekubali kukosa kikao, na meza ya nje ilikuwa nyeusi kwa kunguru tangu alfajiri.

Walijadili kama mwangwi ni mali ya aliyesema au ya mlima. Mwinchande ndiye aliyeibuni hoja hiyo, na ndiye aliyeilinda isipate jibu. Alipandishwa asubuhi na kuteremshwa jioni, wakati ndege wadogo wameshalala. Watu wa mjini walianza kumcheka. Walisema Chirikoni ilimlevya vyeo. Alisikia, na hakuwa na namna ya kujitetea ambayo isingeivunja kazi yenyewe.

Asubuhi moja alikuwa katikati ya hotuba, juu kabisa karibu na dari, pale penye dirisha. Aliangalia nje. Mbali chini aliuona ua wa nyumba yake, mdogo kama leso. Mwanahawa alikuwa amesimama, kidole mdomoni. Zamda na watoto wa jirani walikuwa wamechuchumaa kwenye mkeka, wametulia kabisa, nyuso zote zimeelekea sehemu moja ya mkomamanga. Hakuna aliyetikisika. Kulikuwa na kitu wanachokisikia.

Mwinchande alikatiza hotuba. Alitega sikio kwa nguvu zake zote, lakini kutoka pale alipokuwa hakusikia ila kunguru. Chini yake ukumbi ukaanza kutulia, na mheshimiwa mmoja, kwa kuona hotuba imekatika, akainuka nusu kwenye mito yake akatazama mlango.

Mwinchande akajaza kifua, akapaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza, akaendelea.